Nilivyokwenda Malakisi Kuchukua Ubao wa Waya

Safari hii niliifanya kwa sababu ya kazi iliyoharibika. Naandika nilivyoona mimi, na nikikosea mahali waliosoma kunizidi wanisamehe. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kalamu yangu imezoea kuandika vipimo vya waya kuliko masimulizi.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari mjini Kitale. Majirani huniita Baba Wanjiru. Gereji yetu ni ya watu wawili, mimi na Swaleh, ambaye kwao ni nyuma ya msikiti, na ambaye kwa mkono ni fundi kunishinda. Hilo sioni haya kulisema. Mwaka ule simu za mkono zilikuwa zimeanza kufika hata mashambani, ndipo tukapata mteja wa Nairobi anayefufua magari ya spoti ya zamani, yale mafupi ya viti viwili yenye taa za mviringo kama macho ya chura. Waya za magari hayo zimeoza, panya wamezila, na huko yalikotoka hawazitengenezi tena. Alitaka tumtengenezee fungu zima la waya, kutoka kwa betri hadi taa za nyuma, limefungwa kwa uzi kama lilivyofungwa zamani, bila kiungo hata kimoja. Akiridhika na la kwanza, wenzake wenye magari kama hayo wangetuletea yao.

Kukata waya na kubana vichwa vyake tunajua. Kufunga kwa uzi ndiko kulikotushinda. Tulijaribu, na kila tulichofunga asubuhi kilikuwa kimelegea jioni. Hapo nikawakumbuka akina mama wa Malakisi, ambao niliwahi kuwaona wakifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti kabla ya kukaushwa. Mkono mmoja unaweka jani, mwingine unazungusha uzi, na jani likikauka na kusinyaa bado halianguki. Msimu ukiisha, mabanda yanabaki matupu na akina mama hawana kazi hiyo tena. Nikampelekea kiongozi wao, Mama Nekesa, ubao wenye bawaba katikati, tumeuchorea njia ya kila waya na kupigilia msumari kila mahali waya unapokata kona au kuishia. Nikawaonyesha. Nikamwambia kazi ya kufunga ni yao.

Kabla hawajaanza, mteja alipiga simu. Alikuwa amefunga feni mpya, kwa hiyo waya wa taa ya mbele upande wa kulia upunguzwe shibiri moja, la sivyo utasagwa. Nikampigia Mama Nekesa papo hapo. Kwake mtandao haushiki mpaka asimame juu ya kichuguu, na upepo ulikuwa unavuma. Nikamwambia kwa lugha ya gereji, ambapo kulia ni raiti: waya ya raiti punguza shibiri moja. Akasema amesikia.

Fungu lilipokuja, Swaleh alililaza juu ya lile la zamani, akatazama, akazunguka meza, akatazama tena.

"Baba Wanjiru, hii ni ya gari ama ya pikipiki?"

Waya za taa zote zilikuwa fupi kwa shibiri nzima. Za mbele kulia na kushoto, za nyuma, mpaka ile taa ndogo ya namba. Waya mrefu hukatwa, lakini mfupi utaufanya nini, na mteja amesema hataki kiungo? Naye angekuja Jumamosi na gari lake juu ya lori. Waya wa rangi zile ulikuwa umebaki wa fungu moja tu, na ulikuwa Malakisi.

"Nenda ulete ubao na waya uliobaki," Swaleh akasema. "Hapa mtaani Kipsongo watu wanaamka kila siku kutafuta kibarua. Tutawafundisha, tukiwaona kwa macho."

Njaa ya Kipsongo si ndogo kuliko ya Malakisi. Nikatia fungu lililoharibika kwenye gunia moja, nikakunja gunia la pili, tupu, la kubebea ubao.

Jumatano, kungali na baridi, niliondoka Kitale katika lori la Kiptoo, dereva tunayemtengenezea taa, aliyekuwa akipeleka mbolea Matulo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini pande zote mbili za barabara. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa. Pale tuliposimama kununua ndizi, mwuzaji aliona ncha za waya zikichungulia kutoka guniani akarudi nyuma.

"Bana, hiyo ni nyoka?"

"Ni waya," nikamwambia.

"Basi ingiza kichwa ndani," akasema, wala hakunikaribia tena. Kiptoo ndiye aliyeniletea ndizi.

Njiani nilipanga maneno ya kumwambia Mama Nekesa. Nilitaka yawe machache na yasiwe na matusi. Kila nilipoyapanga yalinikaa vibaya, kwa sababu sikuelewa jambo moja. Hawa si watu wazembe. Mtu mzembe anakosea waya mmoja huku, mwingine kule. Wao walikosea taa zote, na zote kwa kipimo kimoja.

Matulo tulifika jua likiwa limepanda. Boma la Mzee Wanyonyi, mwenye mbolea, lina lango jembamba, mkaratusi upande mmoja na mtaro upande wa pili, na lori ilibidi liingie kinyumenyume. Mzee akasimama nyuma na fimbo yake kuongoza.

"Kuja! Kuja! Sasa laiti! Laiti kidogo!"

Kiptoo akawasha taa.

"Laiti, nimesema!"

Kiptoo akawasha kubwa.

"Mzee, nimewasha zote! Kwani kwako ni usiku?"

"Nani amekuambia mambo ya taa? Laiti! Mkono wa kulia! Wewe unataka kuzika mbolea yangu kwa mtalo?"

Mke wa mzee, aliyekuwa akianika maharagwe, alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nimemwambia aseme kulia kama watu wengine," akasema. "Ati yeye anajua Kizungu."

Nami nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Gerejini, kulia ni raiti na taa ni laiti. Mama Nekesa ni wa Malakisi, na huko, kama huku Matulo, r na l hubadilishana viti bila kuuliza. Mimi nilisema raiti. Yeye alisikia laiti. Punguza waya ya taa. Akapunguza za taa zote, kama alivyoambiwa.

Nilitaka kumpigia Swaleh simu nimwambie kwamba nimepata mwenye kosa. Lakini niliposhika simu nikajiuliza, je, mimi nilisema raiti kweli? Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a, na kwa Kikuyu chetu l haina nyumba. Mke wangu hunicheka kwamba nimekulia Kitale na bado nasema Kitare. Kwa kalamu ninazitofautisha hizo mbili. Ulimi una mambo yake. Kama nilisema laiti naye akasikia raiti, tungekutana mahali sahihi kwa bahati, lakini hatukukutana. Basi mmoja wetu aliteleza na mwingine hakuteleza, na sikujua ni nani. Nikairudisha simu mfukoni. Jambo lililoharibiwa na simu sikutaka kulitengeneza kwa simu.

Bungoma nilifika adhuhuri, kwa lori jingine lililokuwa likipita Webuye. Nikapanda baiskeli ya boda hadi Kanduyi, magunia mawili mapajani. Nilikuwa nanong'ona, laiti, raiti, laiti, raiti, nikijaribu kusikia ulimi wangu mwenyewe. Mwendeshaji akageuza shingo.

"Sasa mzee, unaomba? Mimi naendesha poa, usiogope."

Kutoka Kanduyi nilipata nafasi katika pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu. Lami ikaisha, vumbi likaanza, na Mlima Elgon ukatokea mkono wetu wa kulia, umevaa wingu. Nilikuwa nimeamua jambo moja tu: kwamba sitafungua mdomo kulaumu mtu kabla sijauona ubao.

Malakisi. Banda la Mama Nekesa ni refu, la kukaushia tumbaku, na hata likiwa tupu harufu ile haitoki. Inakukaa kooni kama pilipili kavu. Akina mama walikuwa wameketi kwenye jamvi wakipaka uzi nta. Mama Nekesa ni mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, na husalimu akikutazama usoni.

"Mulembe, fundi. Kalibu."

"Mulembe, mama."

Akatazama magunia. "Hii moja naona iko na waya yetu. Hiyo ingine ni ya nini?"

Ningeweza kusema ni ya viazi. "Ni ya ubao," nikasema.

Mikono ikasimama banda zima. Mama mmoja aliweka uzi chini polepole kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Basi beba," Mama Nekesa akasema. "Lakini kwanza tuambie tumekosea wapi. Mtu hafukuzwi kama mbuzi wa jilani."

Tukalitandaza fungu juu ya ubao. Likakaa sawasawa, kila waya kwenye msumari wake. Misumari ya taa ilikuwa imehamishwa, na karibu na kila mmoja palikuwa na tundu la zamani, shibiri moja kamili kutoka lile jipya. Kazi ilikuwa safi. Mafundo yalikuwa yamelala kwa mstari kama mbegu kwenye gunzi.

"Mama, siku ile ya simu, nilikuambia nini?"

"Uliniambia waya ya laiti nipunguze shibili moja."

"Nilisema raiti."

"Ndiyo. Laiti."

"Si laiti, mama. Raiti."

"Sasa mimi nimesema nini?"

Pembeni aliketi Kukhu, yaani nyanya, mama mkwe wa Mama Nekesa, ambaye nilidhani amelala. "Wewe fundi," akasema macho yamefumbwa, "hebu sema: loli la mahindi limelala Kitale."

Nilijua ninakopelekwa. Nikajaribu taratibu, kwa uangalifu wote nilionao, na ulimi ukanitupa. "Rori ra mahindi rimerara Kitare."

Banda lilipasuka. Mama mmoja alijifunika uso na leso, mwingine akapiga jamvi kwa kiganja.

"Sasa mnagombania nini?" Kukhu akauliza. "Huyu hana moja, yule hana ingine. Mngekutana mkagawana."

"Laiti ningekuja mwenyewe nikaonyesha kwa kidole," nikasema.

"Hiyo nayo ni laiti gani? Ya taa ama ya mkono?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka mpaka machozi. Lakini Mama Nekesa aliacha kucheka kabla ya wengine.

"Tulishangaa," akasema. "Nakuambia ukweli, tulishangaa. Taa zote fupi? Mama Simiyu hapa alisema, hii gali itaona wapi? Mimi nikamwambia, magali ya matajili ni madogo, labda taa ziko kalibu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Alivuta uzi mmoja kutoka kwenye jamvi akauzungusha kidoleni. "Ungesema hawa mama hawajui kitu. Ungechukua kazi."

Neno hilo lilinipata. Kwa maana mimi pia, siku ile ya simu, nilitaka kumwambia arudie nilichosema, nikaona aibu asije akadhani simwamini. Tulikuwa tumeogopana kwa heshima, na heshima yetu ikazikata waya za watu.

Nikalichukua lile gunia tupu, nikalikunja mara mbili, nikaliketia.

"Tunalifunga upya hapa hapa," nikasema. "Nitakaa mpaka liishe."

"Na likikosea?" Mama Nekesa akauliza.

"Hakuna waya mwingine. Likikosea, kazi imekwenda, kwenu na kwetu."

Akaniongoza hadi kwenye kichuguu nimpigie Swaleh.

"Siji na ubao," nikamwambia.

"Umerogwa?"

"Kosa si lao peke yao. Nitakueleza."

"Na mteja je? Atamla nani?"

"Mimi. Nitasimama mbele yake mimi."

"Basi pima wewe mwenyewe," akasema, akakata. Sikumlaumu. Jina la gereji ni lake pia.

Jioni ile nilikula ugali na kuku nyumbani kwa Mama Nekesa, na mumewe akanitengea firigisi kama mgeni, ingawa sikuhisi kwamba ninaistahili.

Alhamisi, mapema, tulianza na maneno kabla ya waya. Nilipendekeza turudi kwa Kiswahili, kulia na kushoto. Mama Simiyu, yule aliyeshangaa tangu mwanzo, akauliza: kulia kwa nani? Kwa aliyekaa ndani ya gari ama kwa aliyesimama mbele yake? Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishoni Mama Nekesa akasema, "Deleva hukaa mahali pamoja. Tuseme upande wa deleva na upande wa abilia." Nikajaribu: dereva, abiria. Haya, hata ulimi ukiteleza vipi, huwezi kusikia moja ukadhani ni lingine. Tukayaandika kwa chaki juu ya ubao.

Misumari ikarudi kwenye matundu yake ya kwanza, isipokuwa mmoja, wa taa ya mbele upande wa dereva. Kisha wakaweka sheria yao wenyewe: hakuna kukata mpaka mwenye kisu aseme anachokata, na mwenzake arudie. "Nakata ya honi." "Honi, kata." Nilipotaka kusaidia kuvuta waya wa kijani, Mama Nekesa alinipiga mkono.

"Kaa kwa gunia yako, fundi. Ulisema utapima. Pima."

Nikapima. Nilipima hata mahali pasipohitaji, na nilipomaliza niliona shaka nikapima upya. Waya wa bluu ulipofika kwenye msumari wa mwisho ulikuwa umebaki kipande cha kutosha kushikwa na vidole viwili tu. Ukafungwa hivyo hivyo.

Ijumaa nilirudi. Malakisi, Kanduyi, Webuye, njia ileile kwa magari mengine, fungu jipya likiwa mapajani. Nikapita Matulo bila kusimama. Ubao niliuacha Malakisi. Kitale niliingia mvua ikinyesha, nikaenda moja kwa moja gerejini, na Swaleh akalipokea fungu bila salamu, akalilaza juu ya lile la zamani, akaanza kupima kwa mkono wake. Alipomaliza alisema tu, "Tutaona kwa gari."

Jumamosi mteja alifika, gari jekundu juu ya lori, limefunikwa turubai. Swaleh alilala chini yake asubuhi nzima. Waya wa upande wa abiria ulifika kwenye taa. Wa upande wa dereva ulipita mbali na feni. Wa nyuma ulifika. Swaleh akaniashiria kwa kidevu, nikaunganisha betri, akavuta swichi, na yale macho ya chura yakawaka yote mawili. Tukazunguka nyuma: zimewaka, na ile ya namba pia.

Mteja akapitisha kidole kutoka mbele hadi nyuma akitafuta kiungo. Hakupata. Alisimama kwenye fundo.

"Nani amefunga hizi?"

"Akina mama wa Malakisi," nikasema, na nikamweleza habari za fungu la kwanza pia, jinsi lilivyoharibika, kwamba kosa liligawanyika kati yangu na wao na sijui nani alipata fungu kubwa. Swaleh alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akifungua mlango wa zizi.

Mteja akakunja uso. "Basi magari mengine fungieni hapa Kitale, mbele ya macho yenu. Huko mbali mtakosea tena."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si hilo. Nikamwambia kazi ya kufunga niliwapa wao, na wameimaliza vizuri. Akitaka gereji yetu, inakuja pamoja nao. Sikujua kama nina haki ya kusema hivyo bila kumwuliza Swaleh.

Swaleh akapangusa mikono kwa tambara. "Mimi nilisema maneno hayo yako Jumanne," akamwambia mteja. "Lakini ukitaka zifungwe na sisi wawili, kaa hapa hadi jioni uone zikifunguka zenyewe."

Mteja akacheka bila kutaka. Akasema ataleta la pili.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani kupeleka kazi mbali ni kupeleka ubao, waya na kipimo. Sasa nadhani ni lazima upeleke pia ruhusa ya kuuliza, na mwenye kazi ndiye anayepaswa kuitoa kwanza, kwa sababu mwenye kuogopa kupoteza hataanza yeye. Kuhusu watu wa Kipsongo sijapata jibu zuri. Kazi ikiongezeka nitawatafuta, lakini kusema nitawatafuta si kuwatafuta.

Wiki iliyofuata mteja alinipa vipimo vya gari la pili kwa simu. Nikavirudia, akavithibitisha, nikampigia Mama Nekesa nikiwa nimejaa furaha. Nikamsomea kila kimoja kwa upande wa dereva na upande wa abiria, naye akanirudishia kila kimoja.

"Sawa," akasema. "Na hiyo gali ingine, usukani uko upande gani? Si ulisema zinatoka nchi nyingi?"

Usukani ukiwa kushoto, upande wa dereva unakuwa ule wa abiria, na vipimo vyote vinageuka. Sikuwa nimeuliza.

"Mama, sijui," nikamwambia. "Ngoja nimuulize mteja."

"Uliza," akasema. "Sisi hatukati kitu."